Maswali ya Wasomaji: Kwenda Kutazama Ndege za Kivita

Barua za mwezi huu zimetoka Kisumu, Lanet, Njoro, Bungoma na Busia, na moja imetoka kwa binti wa Kakamega anayeishi Uingereza. Zote zinahusu ndege za kijeshi, na baadhi zinauliza jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kujipanga ili azione vizuri zinaporuka hadharani. Ya binti wa Kakamega tumeipa nafasi kubwa kwa kuwa ina mambo mengi.

Mimi ni mzaliwa wa Kakamega, nafanya kazi ya uuguzi Gloucester. Mama amekuja kunitembelea kutoka Mumias, na nina watoto wawili, mmoja ana miaka tisa, mwingine miwili. Wenzangu kazini wananiambia nisikose maonyesho ya ndege za kijeshi ya Fairford mwezi wa Julai. Sijawahi kwenda. Nianzie wapi?
Muuguzi, Gloucester

Dada, anza na tiketi. Maonyesho hayo yanaitwa Royal International Air Tattoo, na tiketi zake huuzwa mapema tu. Ukifika langoni bila tiketi utarudishwa nyumbani na mama yako na watoto. Yalianza mwaka wa 1971 katika uwanja wa North Weald, yakahamia Fairford mwaka wa 1985, na mwaka wa 2003 yalikusanya ndege 535 mahali pamoja. Kwa kawaida huchukua siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Kama zamu zako zinakuruhusu kuchagua, iache Jumamosi, kwa maana ndiyo siku ambayo kila mwenye familia huitaka.

Kambi ya Fairford iko katika kaunti yako hiyo hiyo ya Gloucestershire. Njia yake ya kurukia ndege ina urefu wa kilomita tatu hivi, na hapo ndipo Concorde ya Waingereza ilipofanyiwa majaribio kuanzia Aprili 1969. Urefu huo unakuhusu wewe moja kwa moja: eneo la watazamaji limetandazwa kando ya njia hiyo, na kumtembeza mama kutoka ncha moja hadi nyingine ni kumchosha bure. Chagueni sehemu moja mkae. Kama magoti yanamsumbua, ulizia kiti cha magurudumu na maegesho ya karibu wakati unaponunua tiketi. Asubuhi ya siku yenyewe utakuwa umechelewa.

Sehemu ipi? Ndege hupaa na kutua zikiukabili upepo, na Uingereza upepo mwingi hutoka magharibi. Kwa hiyo siku nyingi ndege za Fairford huanza mbio upande wa mashariki na kunyanyuka zikielekea magharibi. Mkikaa mashariki mtaziona zikitua, magurudumu yakitoa moshi yanapogusa lami. Mkikaa magharibi mtaziona zikipaa na kukata kona. Kwa familia yenye mtoto mdogo na mzee sisi tunapendelea katikati, kwa sababu rubani wa maonyesho huipanga michezo yake yote kuzunguka mstari wa katikati ya uwanja, na hamtalazimika kuhama.

Watazamaji wa Fairford hutazama kusini. Jua la Uingereza nalo hupita upande wa kusini, kwa hiyo mtalikabili karibu siku nzima, na kwenye uwanja wa ndege hakuna mti wala kibanda cha kujificha. Kila mtu awe na kofia yenye ukingo mpana, miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua, hata sisi wenye ngozi nyeusi. Mama abebe sweta na koti la mvua lenye kofia, maana uwanja ni tambarare na upepo haukatiki. Mwavuli uacheni nyumbani: upepo utaupindua, na aliyeketi nyuma yenu hataona kitu.

Ndege huanza kuruka mnamo saa nne asubuhi na kuendelea hadi jioni. Kutoka Gloucester hadi Fairford, siku ya kawaida, ni chini ya saa moja kwa gari. Siku ya maonyesho foleni huanza kilomita nyingi kabla ya lango, kwa hiyo tokeni nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jaza mafuta jana yake. Mkikaribia, fuateni mabango ya rangi yaliyowekwa barabarani na mwiache ramani ya simu. Simu itakupeleka kwenye njia fupi iliyofungwa, na kugeuza gari katika barabara nyembamba za vijijini kwa wakati huo ni taabu tupu. Ukishaegesha, piga picha ya bango la sehemu uliyoegesha pamoja na kitu kingine kisichohama, kama nguzo. Maegesho ni mashamba ya nyasi, na jioni yote yanafanana.

Asubuhi, kabla ndege hazijaanza kuruka, ndiyo saa bora ya kuwatembeza watoto kwenye ndege zilizoegeshwa. Marubani na mafundi wa nchi mbalimbali husimama kando ya ndege zao, hawajachoka, na hupenda kuulizwa maswali. Mtoto wa miaka tisa aulize swali la wazi: "Hii kazi yake ni nini?" au "Hiki kishimo ni cha nini?" Atajibiwa kwa kirefu. Wengi wao huuza beji za kushona na stika za vikosi vyao, na hizo ni zawadi nzuri za kutuma Mumias kwa bei nafuu kuliko vitu vya madukani. Nusu saa kabla ya saa nne muwe mmekwisha kuketi.

Chakula bebeni chenu. Foleni za vibanda huwa ndefu saa sita mchana, na mara nyingi hapo ndipo ndege nzuri inapopita. Chapati za kukunjia mayai, mandazi, viazi vitamu vya kuchemsha na chupa ya chai vinatosha kabisa. Maji yawe lita moja na nusu kwa kila mtu mzima. Jiko la gesi au la mkaa haliruhusiwi, wala droni, wala mbwa wa nyumbani. Viti viwe vya kukunja na vifupi. Mwandike mtoto namba yako ya simu kwenye kifundo cha mkono kwa kalamu isiyofutika upesi, na umpige picha asubuhi ukiwa naye langoni. Akipotea, picha hiyo inaonyesha nguo alizovaa leo, na askari hatahitaji maelezo marefu.

Kuondoka ndiko kunakowachosha watu kuliko ndege zote. Ndege ya mwisho ikitua, maelfu ya magari huwashwa kwa pamoja na mnaweza kukaa saa mbili bila kusogea. Kuna njia mbili nzuri: ondokeni saa moja kabla ya mwisho, au msiondoke kabisa. Julai jua huzama baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo kaeni, mle chakula cha jioni mlichokihifadhi, watoto wacheze, kisha mwende njia ikiwa nyeupe. Sisi tungechagua hiyo ya pili.

Ukikosa gari, stesheni ya treni iliyo karibu ni Swindon, na huwa kuna mabasi ya kwenda uwanjani ambayo nayo hulipiwa mapema. Ukikosa tiketi za Fairford, kuna maonyesho ya Cosford mwezi wa Juni, na Cosford ina stesheni yake karibu kabisa na uwanja. Duxford, karibu na Cambridge, ni mahali pa ndege za zamani. Swansea na Blackpool ndege huruka juu ya bahari, nawe hutazama kutoka ufukweni bila kulipa.

Sherehe za Madaraka za 2025 zilipofanyika Homa Bay, mtoto wangu wa miaka mitatu alilia sana ndege zilipopita, na baadaye akawa anashika sikio. Je, sauti hiyo inaweza kumdhuru? Nimkinge vipi?
Mama wa watoto wawili, Kisumu

Inaweza, Mama, hasa ndege ya kivita inapopita chini na karibu. Ndege kama Typhoon ina injini mbili, kila moja ikisukuma kwa nguvu ya kilonewtoni 90 rubani anapomwaga mafuta ya ziada nyuma ya injini yakawaka. Sauti ya namna hiyo huisikii kwa masikio peke yake, kifua nacho hutikisika. Mtoto hushtuka zaidi kwa sababu hakuonywa. Mwambie mapema, "Sasa inakuja kubwa, ziba masikio," na nusu ya kilio itaisha.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu au minne tumia vifuniko vya masikio vya kuvaa kichwani, vya saizi ya mtoto. Vizibo vya sponji usimpe, atavitoa na kuvitafuna. Vifuniko vikae juu ya ngozi: nywele zilizosukwa kwa shanga, kofia ya sufi au miwani ikiingia kati, sauti hupenya pembeni na kifuniko huwa cha bure. Mvalishe nyumbani kwa dakika kumi siku chache kabla, azoee. Ukimvalisha kwa mara ya kwanza uwanjani atavitupa.

Kwa mkubwa, vizibo vya sponji vinafaa, lakini wengi huviweka vibaya. Kisokote kwa vidole vyako vikavu hadi kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio uivute juu na nyuma ili njia ya sikio inyooke, kisha ukiingize na ukishikilie kwa kidole sekunde 30 kikitanuka. Ukijitazama kwenye kioo na ukakiona chote kimejitokeza nje, hakijaingia. Pamba ya kawaida haizuii chochote cha maana. Kama mtoto wako bado anashika sikio, au husikii akiitika kama zamani, mpeleke kituo cha afya achunguzwe. Huenda ni maambukizi tu yasiyohusiana na ndege, lakini yanahitaji dawa.

Niko kidato cha tatu hapa Lanet. Binamu yangu aliye Uingereza hunitumia video za maonyesho ya ndege. Je, kati ya hizo kuna ndege ambazo Kenya pia inazo?
Mwanafunzi, Lanet, Nakuru

Zipo, na ukizijua utazitazama video hizo kwa jicho jingine. Anza na F-5E, ndege ya kivita ya jeti. Jeshi letu la wanahewa lilianza kuzipokea mwaka wa 1978, na makao yake ni kambi ya Laikipia, Nanyuki. Timu ya Uswisi iitwayo Patrouille Suisse huruka na ndege sita za aina hiyo hiyo, zimepakwa nyekundu na nyeupe. Timu ya Uturuki hutumia NF-5, ndugu yake wa ukoo mmoja. Utaitambua kwa pua ndefu iliyochongoka na mabawa mafupi mno: kutoka ncha hadi ncha ni mita nane na kidogo tu.

Red Arrows, ile timu ya Waingereza ya ndege tisa nyekundu, huruka na Hawk T1, ndege ya jeti ya mafunzo. Kenya ilinunua Hawk 12 za aina ya Mk 52, zikafika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ndege kubwa ya mizigo ya injini mbili za panga, C-27J Spartan, tunayo pia. Waitaliano wakileta ya kwao kwenye maonyesho huibiringisha hewani, magurudumu yakatazama mbingu. Mwombe binamu yako akutafutie video ya hiyo, kwa kuwa watu wengi hawaamini ndege ya mizigo inaweza kufanya hivyo. Tucano ya mafunzo, Waingereza waliistaafisha mwaka wa 2019, na helikopta zao za Puma mwaka wa 2025. Zote mbili zimetumika katika jeshi letu.

Jambo jingine la kuandika daftarini: Jeshi la Wanahewa la Kenya liliundwa tarehe 1 Juni 1964, siku ya Madaraka. Patrouille Suisse iliundwa mwaka huo huo, na Red Arrows mwishoni mwa mwaka huo huo. La kwetu lilivunjwa baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, likawekwa chini ya jeshi la nchi kavu, na halikurudishiwa hadhi yake kamili hadi 1994. Mtu akikwambia jeshi letu la wanahewa halina historia, mpe miaka hiyo mitatu aipange mwenyewe.

Na historia haianzii 1964. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Nakuru yako hiyo ilikuwa na shule ya kuwafundisha wanahewa wa Uingereza kuzirusha ndege za mabomu za Blenheim, kabla ya kupelekwa vitani kaskazini mwa Afrika. Wengine walikufa mafunzoni.

Babu yangu alihamia Njoro kutoka Nyandarua wakati wa hali ya hatari, na alituhadithia mabomu yaliyoangushwa msituni na ndege kubwa za injini nne. Sasa mwanangu yuko Uingereza na ameniletea picha ya ndege kubwa ya zamani, Lancaster, watu wakiivulia kofia. Je, ndiyo iliyotupiga?
Mzee, Njoro

Hapana, Mzee, ingawa ni ya ukoo mmoja. Iliyoangusha mabomu kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ni Lincoln, ndege iliyotokana na Lancaster, ikiwa kubwa zaidi lakini yenye umbo lile lile: injini nne na mikia miwili iliyosimama. Vikosi vya Lincoln vilikuja kambi ya Eastleigh, Nairobi, kwa zamu kuanzia mwishoni mwa 1953 hadi 1955. Kabla yao, tangu mapema 1953, kulikuwa na ndege ndogo za mafunzo za Harvard zilizobeba mabomu madogo ya kilo tisa. Babu yako aliyesema injini nne alizikumbuka sawasawa.

Lancaster aliyoiona mwanao, kama ilikuwa ikiruka Uingereza, ni moja tu: PA474. Ilitengenezwa mwaka wa 1945 ipelekwe vitani dhidi ya Japani, vita vikaisha kabla haijaenda. Duniani kote zimebaki Lancaster mbili tu zinazoruka, hiyo na moja iliyoko Kanada. PA474 haikuangusha bomu hapa, lakini Afrika Mashariki ilifika. Mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa katika kikosi cha 82, ikipiga picha za ardhi kutoka juu kwa kazi ya upimaji, Afrika Mashariki na Kusini.

Wanaoivulia kofia wanawakumbuka wanahewa 55,573 wa kikosi cha mabomu cha Uingereza waliokufa katika vita na Ujerumani, wengi wao vijana wa miaka ishirini na kitu. Huzuni hiyo ni ya kweli na inastahili heshima. Ya kwenu nayo ni ya kweli, na hakuna ndege inayorushwa kwa ajili yake. Kama mwanao anataka kuiona Lincoln kwa macho yake, ipo moja kwenye jumba la makumbusho la jeshi la anga la Uingereza huko Cosford, na siku zisizo za maonyesho kuingia ni bure. Asimame chini ya tumbo lake, patazame pale milango ya mabomu ilipo, kisha akupigie simu. Nasi tungeomba, Mzee, kama bado yuko mtu wa rika la babu yako aliyezisikia ndege hizo, mumrekodi kwa simu mapema. Aseme mahali, msimu, na alichokuwa akifanya sauti ilipofika.

Nilikuwa Kanduyi kwenye sherehe za Madaraka za 2024. Kila mara tulisikia ngurumo, tukageuza shingo, kumbe ndege imekwisha kupita. Picha zangu zote ni za mawingu. Nilikosea wapi?
Mwalimu, Bungoma

Uliyafuata masikio, Mwalimu, na sauti ni mwendo wa pole ukiilinganisha na ndege hizo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, yaani sekunde tatu kwa kila kilomita. Ndege ya kivita ikipita kwa kilomita 800 kwa saa huenda mita 222 kila sekunde. Ikiwa kilomita mbili kutoka ulipo, sauti yake inakufikia baada ya sekunde sita, na kwa muda huo ndege imekwisha kusogea kilomita moja na theluthi. Ukitazama sauti inakotoka unatazama mahali ilipokuwa. Ukisikia ngurumo, peleka macho mbele ya sauti, kuelekea inakokwenda, karibu upana wa viganja vitatu vya mkono ulionyooshwa. Afadhali zaidi usiisubiri sauti: mtangazaji anapoanza kulitaja Jeshi la Wanahewa, tazama upeo wa macho, chini kabisa, utafute nukta nyeusi au taa. Ndege inayokuja moja kwa moja huonekana kama haisogei, halafu ghafla inakuwa kubwa.

Itasaidia kujua zinakotoka. F-5 hutoka Nanyuki. Kwa mstari ulionyooka, kutoka huko hadi Nakuru ni kama kilomita 115, Kisumu kama 260, Bungoma kama 285, Homa Bay karibu 300. Kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, Bungoma ni dakika 21 au 22. Lakini haziji kwa mstari huo hadi juu ya kichwa chako. Hujipanga mbali na uwanja, zikizunguka hapo, zikisubiri kuitwa, kisha huingia kwa mwelekeo unaolingana na jukwaa kuu. Helikopta inayokwenda kilomita 200 kwa saa na ndege ya kilomita 800 haziwezi kungoja mahali pamoja, kwa hiyo kila kundi hupewa kituo chake na dakika yake. Hotuba au gwaride likirefuka, wote huzidi kuzunguka, na wenye injini za ulafi wa mafuta hawana muda mrefu wa kusubiri. Ndiyo maana mpangilio unaotangazwa wakati mwingine hubadilika.

Kama shabaha yako ni ndege tu, usiingie uwanjani. Paa la jukwaa hukata nusu ya anga, na milango hufunguliwa kabla ya mapambazuko, watu wakajaa. Simama nje, kwenye uwanja wa shule au kilima chenye anga wazi, kilomita moja au mbili kutoka uwanjani, ukiuona mstari ambao ndege zilifanyia mazoezi siku mbili tatu kabla. Mazoezi hayo wenyeji huyasikia, waulize.

Tazama na jua. Huku kwetu kwenye ikweta, tarehe 1 Juni jua liko upande wa kaskazini, na saa tano asubuhi liko juu, kaskazini-mashariki. Kwa hiyo siku ya Madaraka simama ukitazama kusini, jua liwe nyuma ya bega lako la kushoto, ndege ziangazwe upande wako. Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, geuza: jua liko kusini, nawe utazame kaskazini. Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, jua huwa karibu na utosi na tofauti si kubwa. Ukilisahau hilo utapata vivuli vyeusi hata ukiwa na kamera ya bei ghali.

Kwa simu, usivute picha karibu. Unakuza chembechembe tu. Futa lenzi kwa kitambaa laini, ishike simu kwa ulalo, gusa anga kwenye kioo na ushikilie hadi ifunge mwanga, kisha rekodi video tangu ndege ikiwa nukta. Geuza kiuno, mikono itulie. Baadaye chagua fremu nzuri. Ndege tano zikiruka kwa pamoja hutoka vizuri kwenye simu kuliko moja. Mwenye kamera na lenzi ya milimita 300 au 400 aweke kasi ya sehemu ya 1,000 ya sekunde au zaidi kwa ndege za jeti. Kwa helikopta na ndege za panga ashuke hadi sehemu ya 200 au 250, la sivyo panga zitaganda na ndege itaonekana imezima injini hewani. Kasi hiyo ndogo huharibu picha nyingi kwa mtikisiko, kwa hiyo piga nyingi mfululizo na utarajie kutupa nyingi.

Nilipomtembelea kaka yangu Swansea tuliambiwa Red Arrows hawatafanya maonyesho kamili kwa sababu ya mawingu, ingawa mvua haikunyesha. Pia kwa nini moshi wa rangi walitumia kidogo hivyo?
Msomaji, Busia

Mawingu hupimwa kwa kimo chake. Ili tisa wale wapige duara la wima lazima mawingu yawe juu ya futi 4,500, kama mita 1,370, la sivyo kileleni mwa duara wataingia ndani ya wingu wakiwa wamekaribiana. Yakiwa kati ya futi 2,500 na 4,500 wanabiringika na kukata kona tu. Chini ya hapo wanapita tambarare kwa zamu. Kiongozi huamua akiwa hewani, na akiona hali imebadilika hubadilisha katikati.

Moshi ni dizeli inayomwagwa kwenye hewa moto inayotoka nyuma ya injini, ikageuka mvuke mweupe. Ili kupata nyekundu na buluu huchanganywa na rangi. Dizeli isiyo na rangi hutosha dakika tano, ya kila rangi dakika moja tu, kwa maonyesho ya dakika ishirini na zaidi. Kiongozi huita rangi kwa redio, na rubani akiifungulia mapema kwa sekunde kumi, mwishoni atakosa. Moshi huo pia si pambo tu: huwaonyesha wenzao mahali pa kutafutana wanaporudi kukutana kutoka pande mbili.

Swansea, kama umeona, huruka juu ya maji. Mwaka wa 2015 ndege ya zamani ya Hawker Hunter ilianguka barabarani karibu na uwanja wa Shoreham wakati wa maonyesho, watu 11 wakafa, na masharti ya Uingereza yakakazwa sana tangu hapo. Ukiona leo ndege ziko mbali kidogo kuliko ulivyotarajia, sababu ndiyo hiyo, nasi tunaona ni sawa.

Je, naweza kurusha droni kupiga video ndege zinapofanya mazoezi juu ya Kisumu? Na picha za uwanja wa ndege?
Kijana wa Kondele, Kisumu

Droni, hapana. Kurusha droni Kenya kunahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na karibu na uwanja wa ndege au palipo na ndege za kijeshi hupewi kibali cha burudani. Helikopta inayopita chini kwa mazoezi haitaiona droni yako, na betri yake ikigonga rafadha au kuingia kwenye injini, watu wanaweza kufa.

Picha za ndege zilizo angani, ukiwa mahali pa umma, piga. Kambi za kijeshi, malango yake, askari walinzi na ndege za jeshi zilizoegeshwa, usipige bila ruhusa, na ukiambiwa uache, acha papo hapo bila kubishana. Ukitaka picha za ndege zikitua Kisumu, tafuta mahali palipo nje ya ua, pasipo ulinzi, na usisimame kwenye barabara ya kuingilia. Asubuhi mapema, kabla lami haijapata moto, hewa haitetemeki na picha hutoka kali. Kuanzia saa nne mvuke wa joto juu ya njia ya ndege huifanya picha iwe kama imepigwa kupitia maji, na hakuna lenzi inayoweza kulirekebisha hilo.